Mwenye Neno Atajwe

Mchumaji wa karafuu wa Pemba hupimiwa alichokichuma, wala hakubali kazi yake iandikwe kwa jina la mwingine. Basi mbona katika maandishi ya elimu ya miamba jambo hilo hutendeka na watu wakanyamaza? Tumesoma makala za vijana wetu zisemazo kwamba miamba ya kisiwa hiki ina umri kadha wa kadha. Nani aliyeupima, na mwaka gani? Hawasemi. Huandika tu, “wataalamu wamesema.”

Wataalamu gani? Bwana G. M. Stockley alikusanya visukuku vya Unguja na Pemba, na ripoti yake ya jiolojia ilipigwa chapa mwaka 1928. Hakujidai kuvijua vyote. Katika ripoti ya visukuku ya mwaka 1927, mabingwa waliandika kila mmoja sehemu yake kwa jina lake, Bwana L. R. Cox aliandika juu ya jamii ya chaza na konokono. Mwaka 1955 Bwana Eames na Bwana Kent waliandika upya juu ya matabaka ya Miosini ya pwani hii. Mwaka 1971 Kent, pamoja na Hunt na Johnstone, wakatoa kazi nyingine juu ya pwani ya Tanzania. Asiyetaja mwaka hatuambii anamfuata yupi.

Jambo hili si la kuwapendeza waalimu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 BP na Shell walichimba kisima Pemba, kina chake zaidi ya mita 3,000, na mafuta ya kuuzwa hayakupatikana. Mwaka 2018 Serikali ya Zanzibar ilitia saini mkataba wa utafutaji na RAK Gas. Mali inayotafutwa ni ya wananchi. Mvuvi wa Tundaua akisikia kwamba chini ya kisiwa chake mna utajiri, ana haki ya kuuliza: habari hii imetoka wapi? Hesabu isiyo na mwenyewe haiwezi kukaguliwa, na kosa lililomo haliwezi kusahihishwa. Hupita mkono hata mkono mpaka uvumi ukaitwa elimu.

Kwa hiyo twawaambia vijana wetu: tajeni mwandishi, mwaka, jina la kazi yake na ukurasa. Kama ni kisima, tajeni jina lake na kina mnachokisemea. Kama ni ramani, aliyeichora. Kama ni jiwe, mahali lilipookotwa. Ripoti ya 1928 kama hamkuiona kwa macho yenu, bali mmeikuta ndani ya kitabu cha mwingine, semeni hivyo bila haya. Na mzee wa kijiji aliyewaongoza hadi kwenye mwamba naye ashukuriwe kwa jina, akiridhia.

Kutaja chimbuko la neno hakumpunguzii mwandishi heshima. Mwizi wa karafuu tunamjua na kumlaumu. Mwizi wa neno naye asisifiwe kwa kuwa amevaa joho la chuo.