Chembe Nano za Fedha kutoka kwa Bakteria wa Udongo: Uzalishaji na Tahadhari ya Usugu

Mwaka 1999, watafiti wa Sweden walichapisha taarifa kuhusu Pseudomonas stutzeri AG259, bakteria aliyepatikana katika mgodi wa fedha. (Fedha inayozungumziwa hapa ni ya sonara, si ya mfukoni.) Alipokuzwa penye nitrati ya fedha kwa kiwango kinachoua bakteria wengi, hakufa, alirundika fuwele za fedha zenye upana wa hadi nanometa 200 baina ya utando wake wa ndani na wa nje.

Tangu hapo imedhihirika kwamba hata bakteria wa udongo wa kawaida, hasa wa jenasi za Bacillus na Streptomyces, wana uwezo wa kutengeneza chembe hizo. Ayoni ya fedha hupokea elektroni moja na kuwa atomu isiyo na chaji. Atomu hukusanyika zikawa chembe, na protini za bakteria huzifunika zisigandamane. Maabara nyingi hutumia mchuzi uliokwisha kuchujwa seli. Nitrati ya fedha inapotiwa humo, mchuzi hugeuka kahawia, na kilele cha ufyonzaji wa mwanga huonekana karibu na nanometa 420.

Rangi hiyo peke yake si ushahidi. Sukari na peptoni za mchuzi, pamoja na mwanga wa jua, zaweza kuigeuza fedha bila msaada wa bakteria yeyote. Kloridi nayo huinasa ayoni na kuacha mashapo meupe. Utafiti usio na chupa ya ulinganisho, yenye mchuzi ambao haukupandwa bakteria, haustahili kuaminiwa.

Chembe hizi huua kwa kuachilia ayoni polepole. Ayoni hushikamana na salfa ya protini, hudhoofisha utando na kuvuruga upumuaji wa seli. Kwa kuwa hushambulia mahali pengi kwa pamoja, hudaiwa mara kwa mara kwamba usugu hauwezi kuzuka. Dai hilo linakanushwa na bakteria yule yule wa mgodini. Isitoshe, mwaka 1975 iliripotiwa kutoka Boston, Marekani, Salmonella iliyokuwa sugu kwa nitrati ya fedha, dawa iliyokuwa ikipakwa kwenye majeraha ya moto. Salmonella hiyo ilikuwa sugu pia kwa kloramfenikoli na ampisilini. Baadaye jeni za usugu wa fedha zilibainishwa katika plasmidi, kipande cha DNA kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine kikiwa kimebeba pia usugu wa viuavijasumu.

Hapo ndipo penye uzito kwa watunga sera. Mwaka 2019, vifo takriban milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Fedha ikitiwa ovyo katika soksi, sabuni na vyombo vya plastiki, majitaka yatachuja na kubakiza bakteria wale wale tunaohangaika kuwatibu. Bidhaa za chembe nano za fedha zisajiliwe kama dawa, matumizi yake yaanzie kwenye vidonda na vifaa vya tiba, na kila bakteria anayependekezwa kwa uzalishaji apimwe kwanza kama ana plasmidi inayohamishika.