Anayetupiga radio ya kifua naye ni mutumikaji

Wandugu wachimbaji, na ninyi ba mama mulio ku nyumba, wengi wetu tunajua radio ya kifua. Unavua shati, unasimama mbele ya mashini, unaambiwa: vuta pumuzi, ikamate, usitikisike. Kisha unatoka. Yule aliyekuambia vile tunamuita tu « mupiga picha ».

Yeye ni tekinisiani wa radiolojia. Wengi wao walisoma miaka ku ISTM. Si munganga, lakini munganga anasoma tu ile picha yeye ametoa. Vumbi ya majiwe iko na silika. Inaingia mu mapafu polepole, mara mingi miaka kumi na zaidi, inaleta silikozi, na silikozi haina dawa ya kuiponyesha. Inafaa ionekane mapema, mutu aondolewe mu vumbi. Kama picha ni mbaya, alama ndogo zinaweza kupotea, unarudia mu shimo na karatasi inayosema uko muzima.

Sisi wa sendika tuliketi na matekinisiani fulani, tukawauliza kama wanafurahia kazi yao. Tulifikiri wataanza na mushahara. Hapana. Kazi yenyewe wanaipenda. Kinachowavunja moyo ni mashini kufa na kungoja pyesi miezi. Ni dozimetre pia, kale kachombo wanavaa ku kifua juu ya kupima mionzi: inatumwa kusomwa, matokeo hayarudi. Kanuni za kimataifa zinasema mutumikaji asipitishe milisiverti 20 kwa mwaka, katikati ya hesabu ya miaka 5. Sasa kama hausomewi kipimo chako, utajua namna gani? Tena munganga anachukua picha, hasemi kama ilikuwa nzuri ao mbaya. Mushahara walitaja mwisho, pamoja na kukosa njia ya kupanda cheo.

Maneno hayo sisi tunayaelewa. Mutu wa shimo anajua kazi ambayo vyombo vinakosa, hatari haipimwi, na wakubwa hawaulizi.

Njo maana, siku ya kuzungumza mapatano na mukubwa wa kazi, tunataka ku orodha yetu vitu tatu: dozimetre isomwe na mwenyewe aone matokeo, mashini itengenezwe kwa wakati, matekinisiani wapate masomo ya kuendelea. Kama delege wenu hajaviandika bado, mumukumbushe.