Parasetamoli Haiivishi Maharage

"Shikamoo dokta. Kwa kilo moja ya maharage natia vidonge vingapi?"

Marahaba. Hutii hata kimoja. Swali hili limenifikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa kijana aliyepanga chumba chake cha kwanza, mwenye mtungi mdogo wa gesi na sufuria mbili, aliyechoka kula chipsi kila jioni na kuamua kupika mwenyewe. Uamuzi mzuri, nampongeza. Lakini tazama swali lenyewe lilivyokaa: haulizi kama vidonge vinafaa. Hilo kwake lilishakwisha. Anataka kipimo, kana kwamba mimi ndiye niliyemwandikia.

Vidonge vyenyewe ni vya parasetamoli, ambavyo wengi wetu huviita Panadol hata vikiwa vya kiwanda kingine. Inasemwa kwamba ukitupia viwili vitatu kwenye maharage, makande au nyama ngumu, unazima jiko mapema. Nimeshapewa hata maelezo yake ya "kitaalamu": dawa inayolegeza misuli ya binadamu itashindwaje kulegeza maharage? Parasetamoli hailegezi misuli. Na maharage hayana misuli.

Punje ya haragwe huwa ngumu kwa sababu seli zake zimeshikanishwa na gundi iitwayo pektini, na gundi hiyo hukazwa zaidi na madini ya kalisi na magnesi. Kuiva hasa ni kuyeyuka kwa gundi. Kwa hiyo kitu chochote kinachodai kuharakisha maharage lazima kifanye walau moja kati ya kazi tatu: kiongeze joto la maji, kipunguze nguvu ya kalisi, au kiyafanye maji kuwa na ukali wa magadi. Parasetamoli haifanyi hata moja. Ni asidi dhaifu mno, na kidonge kimoja kina nusu gramu tu ya dawa ndani ya lita tatu za maji yanayochemka. Gundi haina habari nayo.

"Lakini dokta, mimi nimeona kwa macho yangu." Umeona nini? Umeona maharage yameiva. Hukuona sufuria ya pili, yenye maharage ya gunia lilelile, maji yaleyale na moto uleule, isiyotiwa kidonge. Juzi ulipika ya mwaka jana, leo umepika ya msimu huu. Juzi uliacha sufuria wazi, leo umefunika. Juzi hukuloweka, leo uliyaacha majini tangu asubuhi. Sifa zote kikapewa kidonge. Kuna namna moja tu ambapo huenda mtu aliona tofauti ya kweli: vile vidonge vinavyotoa povu majini huwa na bikaboneti ya sodiamu, ileile ya kuokea. Kama ni hiyo unayoitaka, mangi anaiuza kwa bei ndogo, bila dawa ndani yake.

Sasa tuzungumzie dawa hiyo inakokwenda, maana haipai na mvuke. Inayeyuka na kubaki kwenye mchuzi. Ikichemshwa kwa muda mrefu, hasa mtu akiwa ametia na magadi, sehemu yake huanza kuvunjika na kutoa para-aminofenoli, kitu kinachojulikana kudhuru figo. Sitakudanganya kwamba sahani moja itakulaza hospitali. Haitakulaza. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua amekula kiasi gani. Chukua vidonge viwili vya miligramu 500 kwenye sufuria ya watu wanne: kila sahani ina miligramu 250, kama mpishi amekoroga vizuri. Mlaji wa kwanza akiwa mtoto wa kilo 10, dozi yake ya mara moja ni miligramu 150, na hiyo ni akiwa anaumwa. Mlaji mwingine ana homa tangu jana na anameza parasetamoli yake kama alivyoelekezwa. Wa tatu anakunywa dawa ya mafua, ambayo nayo mara nyingi ina parasetamoli. Wa nne ni mnywaji wa pombe wa kila siku na ini lake limeshachoka. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8, na sumu yake hulivizia ini kimyakimya: mtu anaweza kujisikia vizuri siku nzima huku ini linaungua. Na mpishi anayewatilia wateja wake dawa bila kuwaambia hafanyi ujanja wa jikoni. Anawanywesha watu dawa bila idhini yao.

Magadi ni kesi nyingine, kwa sababu magadi yanafanya kazi kweli. Yanayeyusha pektini vizuri sana, hata ukizidisha unapata uji wenye ladha ya sabuni. Yanaharibu pia vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya sababu za kula maharage. Yale mabonge ya kijivu yanayotoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, kama Natron na Magadi, huweza kuwa na floridi nyingi, na wakazi wa Arusha na Kilimanjaro, ambako hata maji ya kunywa mara nyingi yana floridi, hawahitaji kuelezwa meno ya kahawia yanatokana na nini. Kama maji yako ni ya kisima yenye kalisi nyingi na maharage yamekataa katakata, ncha ya kijiko cha chai ya ile bikaboneti ya kuokea inatosha. Isiwe desturi.

Adui wa kweli wa gesi yako ni maharage ya zamani. Yakikaa miezi mingi kwenye ghala lenye joto na unyevu, gundi ile hukaza kiasi kwamba hata kuloweka hakusaidii sana. Kwa hiyo bishana sokoni, si jikoni. Uliza kama ni ya msimu huu. Tazama rangi: ya njano yaliyozeeka hugeuka kahawia, na yenye madoa hupoteza mng'ao. Usichanganye mapya na ya zamani kwenye sufuria moja, utapata nusu rojo na nusu kokoto.

Na chumvi haifanyi maharage kuwa magumu. Ni kinyume chake: sodiamu huchukua nafasi ya kalisi kwenye ganda. Kinachokaza ni asidi, yaani nyanya, ndimu na ukwaju vikitiwa mapema.

Haya, kazi. Usiku loweka kwa maji mengi yenye vijiko viwili vya chai vya chumvi kwa kila lita. Dar es Salaam na joto lake usipitishe muda wa saa 12, yatachacha. Asubuhi mwaga maji hayo, kwani yanaondoka na sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni, kisha suuza. Tia maji mapya, chemsha kwa moto mkali dakika 10 kamili. Hapo usibanie gesi: maharage mabichi, hasa mekundu, yana lektini inayotapisha na kuharisha, na moto wa uvuguvugu hauiui. Kisha funika, punguza moto. Maji yakicheza kidogo yana joto karibu sawa na yanayofurika. Ukiwa na sufuria ya presha, joto hufika kama nyuzi 120 na kazi ni ya nusu saa. Huna? Baada ya kuchemka vizuri, hamishia sufuria kwenye kikapu kilichojazwa nguo kuukuu au blanketi, funika, ondoka. Ukirudi yachemshe tena. Kupima, weka punje kwenye kijiko uipulize: ganda likipasuka na kujikunja, bonyeza kwa vidole, na kiini kisiwe na chengachenga. Ndipo unaunga: kitunguu, nyanya, karoti, nazi ukiwa nayo. Ndimu mezani, husaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai isubiri saa moja. Pika ya siku tatu, gawa, weka kwenye friji. Kama huna friji, pika ya siku moja na kiporo kichemshwe asubuhi.

Na kama ni saa moja jioni, njaa inauma na hujaloweka chochote, achana na maharage. Pika choroko.