Kiwiko cha Dobi

Wanangu, palikuwa na mama mmoja dobi. Kila asubuhi alifua mashuka ya nyumba ya wageni: anasugua, anasuuza, kisha analishika shuka huku na huku na kulisokota mpaka lidondoshe tone la mwisho. Siku moja akainua birika la chai, likamponyoka. Upande wa nje wa kiwiko ulimchoma kama aliyepigiliwa msumari. Hakuanguka wala hakugongwa. Majirani nao hawakukosa la kusema: huyu baridi yabisi, yule jicho la watu, wa tatu kaja na chupa ya mafuta ya kuchua.

Ngojeni kwanza, tujaribu jambo. Weka vidole vya mkono wa kushoto juu ya mkono wa kulia, upande wa nje, chini kidogo ya kiwiko. Sasa kunja ngumi, kaza kweli kweli. Umeisikia nyama ilivyokuwa ngumu? Ngumi iko kule, kazi inafanyika huku. Misuli inayoinua kiganja inakaa hapo, na imeshikizwa kwenye mfupa wa kiwiko kwa kano. Kila unaposhika kitu kwa nguvu, misuli hiyo hukaza ili kifundo cha mkono kisipinde, na kano huvutwa. Ikivutwa mara nyingi mno bila nafasi ya kupumzika, nyuzi zake huchakaa upesi kuliko mwili unavyozikarabati. Ndiyo maana yule mama aliumia kwenye kiwiko, wakati kilichokuwa kikichoka ni kiganja.

Mwaka 1873 daktari Mjerumani, Runge, aliyaeleza maumivu haya alivyoyaona kwa watu walioandika sana. Miaka 10 baadaye Waingereza wakayahusisha na tenisi, na jina la kiwiko cha tenisi likaganda mpaka leo. Kwa kweli jina hilo linapotosha, maana wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi: ni maseremala, wapaka rangi, wapishi, mafundi bomba, hasa wenye umri wa miaka 30 hadi 50 hivi.

Tiba yake haina miujiza, inataka subira. Yule mama alipofika hospitali aliambiwa asiufunge mkono ukakaa bure, kwa sababu kano isiyofanya kazi hudhoofika. Apunguze tu kinachouumiza: mashuka asokote na mwenzake, ndoo aibebe kiganja kikitazama juu. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa hutuliza maumivu, ila haiponyi kano.

Kilichomsaidia zaidi ni zoezi la chupa ya maji ya nusu lita. Aliulaza mkono mezani, kiganja kikining'inia ukingoni na kutazama chini, chupa mkononi. Anainua kiganja kwa msaada wa mkono wa pili, anauondoa mkono huo wa pili, kisha anakishusha kiganja polepole bila msaada. Maumivu kidogo si neno. Yakizidi mpaka kesho yake, anapunguza maji kwenye chupa. Wapo wanaokimbilia sindano ya steroidi. Hiyo hupoza haraka, lakini tafiti zimeonyesha kwamba baada ya miezi kadhaa waliochomwa mara nyingi huwa nyuma ya wale waliovumilia bila sindano. Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja hivi, na wachache tu hufikia kisu cha daktari.

Vidole vikifa ganzi, kiwiko kikivimba na kuwa cha moto, au kisiponyooka baada ya kuanguka, hayo ni mambo mengine kabisa na hayangoji kesho. Nanyi mnaorusha mpira au mawe kutwa nzima, mifupa yenu bado inakua na ina sehemu laini kiwikoni. Kikianza kuuma msifiche kwa kuogopa kukatazwa mchezo: mwambieni mzazi awapeleke zahanati mapema.