Kuwafundisha Mabinti Kutunga kwa Kiingereza

Mtu atokaye Bagamoyo kwa njia ya Msata hupita Makofia, kisha hufika Fukayosi, kabla hajayaona mananasi ya Kiwangwa. Nchi ile ni ya Wakwere, pamoja na jirani zao Wazaramo, Wadoe na Wazigua. Mtoto husikia Kikwere kwa bibi yake, husikia Kiswahili njiani, sokoni na kanisani. Bali Kiingereza ni nadra kukisikia penginepo ila darasani, kinywani mwa mwalimu.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, isipokuwa chache. Basi binti wa Fukayosi hujifunza hesabu, sayansi na habari za nchi kwa lugha aijuayo. Aingiapo Kidato cha Kwanza mambo hugeuka: baiolojia kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, na mitihani ya Kidato cha Nne vivyo hivyo, isipokuwa Kiswahili na masomo machache. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walikipima Kiingereza cha wanafunzi katika shule na vyuo vya Tanzania, wakaona kwamba wengi wa sekondari hawakuwa nacho cha kutosha kusomea masomo mengine. Baadaye vikaletwa vitabu vyepesi vya hadithi, ili wanafunzi wapate mazoea ya kusoma. Miaka zaidi ya 40 imepita, na mwalimu wa Kidato cha Kwanza angali akiikuta taabu ile ile mbele yake kila Januari.

Kwa binti taabu hiyo ina uzito wake. Asiyeelewa hunyamaza, anyamazaye hudhaniwa mjinga, mwisho naye hujidhania hivyo. Akianguka mtihani hurudi nyumbani, na nyumbani posa haikawii. Sheria ya mwaka 2016 yakataza mtu kumwoa mwanafunzi, lakini binti aliyeanguka na kurudi kwao hahesabiwi tena kuwa mwanafunzi. Ndiyo maana twalisema jambo hili la lugha mbele ya jamaa zote za Kikristo, wala si mbele ya walimu peke yao.

Yako mazoea mawili ambayo heri tuyaache. La kwanza ni kukaririsha. Mwalimu huandika ubaoni barua ya mfano, ya kumwalika rafiki arusini. Wanafunzi huinakili na kuikariri neno kwa neno, wapate kuimwaga siku ya mtihani. Binti aweza kuwa na barua kumi za arusi kichwani, na asiweze kumwambia mwenzake kwa Kiingereza kwamba kichwa hicho chamwuma. La pili ni kuwaadhibu wasemao Kiswahili uwanjani. Kusudi lake laeleweka, na wako walimu wema walifuatao. Lakini nimeona kwamba bweni lililokatazwa Kiswahili halijai Kiingereza, hujaa kimya.

Njia iliyo bora ni kumpa binti kazi ya kutunga maneno yake mwenyewe, tangu majuma ya kwanza, hata kama maneno ayajuayo hayapiti mia. Asiambiwe atunge habari za theluji wala za safari ya ndege. Atunge juu ya chungu, juu ya kisima, juu ya mama auzaye mananasi kando ya lami. Bwana wetu alipofundisha alitwaa chachu, wavu, na shilingi iliyopotea nyumbani, vitu ambavyo wasikiaji wake walikuwa wamekwisha kuvishika kwa mikono yao.

Hapo ndipo lugha mbili hukutana na kugombana, na ugomvi huo ndio wenye faida. Tuseme binti aandika jinsi alivyompikia baba yake. Shambani palikuwa na mpunga, kapuni mchele, sahanini wali. Kiingereza kina neno moja, "rice", kwa vyote vitatu. Afanyeje? Yampasa aeleze: ule uliosimama shambani, ule uliokobolewa, ule uliopikwa. Nazi ni zaidi ya hapo, kwa kuwa sisi wa pwani twajua kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi yenyewe, na Mwingereza asipoongeza maneno yote kwake ni "coconut". Kisha Kiingereza nacho hulipa kisasi. Sisi twasema kuazima kwa yeye atoaye na kwa yeye apokeaye. Mwingereza ana "lend" na "borrow", na mwenye kuyachanganya humgeuza mdeni kuwa mdai. Tena sisi twasema "amekuja" wala hatuulizi kama ni mume au mke, bali Mwingereza hana budi kuchagua "he" au "she". Kwa sababu hiyo katika madaftari ya Kidato cha Kwanza bibi huanza hadithi akiwa mwanamke, huwa mwanamume katikati, na hufa mwanamke. Darasa likicheka, na licheke, maadamu mtunzi acheka nalo. Kosa hilo hatalisahau.

Na "pole" je? Na "shikamoo"? Mwalimu asifanye haraka kuwapa neno. Awaache mabinti washindane kueleza kwa Kiingereza mtu asema nini asemapo "shikamoo", na ni nani asiyeamkiwa hivyo. Kipindi kizima chaweza kupita kwa neno hilo moja, na waliokaa kimya tangu Januari wakafumbua vinywa, kwa maana katika jambo hili wao ndio wajuzi.

Wako wazee watakaouliza, binti na utunzi vina nini pamoja? Pwani yetu ina jibu la zamani. Huko Pate, yapata mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi ambao wasomi wa Kiswahili wangali wakiusoma. Na ng'ambo ya Bagamoyo, kisiwani Unguja, mwaka 1844 alizaliwa Salme, binti wa Sultani Seyyid Said. Wakati ule mabinti wa jumba walifundishwa kusoma, bali kuandika walinyimwa. Salme akatwaa mfupa wa bega la ngamia, akaiga juu yake herufi za Kurani kwa siri mpaka mkono ukazoea. Baadaye mtumwa mmoja mwenye elimu akamwongoza. Mambo yalipojulikana alilaumiwa sana. Lakini mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipotaka kuushika usultani, binti huyo wa miaka 15 ndiye aliyewaandikia barua zao. (Hatuusifu uasi ule, ambao hata mwenyewe aliujutia, twazungumza habari za kalamu.) Mwaka 1867 alibatizwa huko Aden kwa jina la Emily, akaolewa na Mjerumani, Bwana Ruete, akahamia Ujerumani. Akafiwa na mume mapema, akabaki na watoto wadogo. Kwa ajili ya watoto hao akaanza kuandika habari za maisha yake, na mwaka 1886 kitabu kikapigwa chapa Berlin, kwa Kijerumani, lugha aliyojifunza akiwa mtu mzima. Ndani yake mna malezi ya watoto, ndoa, magonjwa na sikukuu za Unguja, mambo aliyoyajua kuliko msomaji yeyote wa Berlin.

Wamisioni wa UMCA nao walilitambua jambo hili kwa wavulana wao. Kiungani, Unguja, Bwana Madan aliwapa wanafunzi, ambao wengi wao walikuwa wameokolewa utumwani, kazi ya kuandika habari zao wenyewe. Waliandika kwa Kiswahili, naye akafasiri kwa Kiingereza, na kitabu kikatoka mwaka 1887. Utaratibu huo wafaa hata leo, ila mfasiri na awe binti mwenyewe. Aandike kwanza kwa Kiswahili, apate kujua analotaka kusema. Kisha siku ya pili aandike kwa Kiingereza, bila kuufuata mstari kwa mstari. Afuataye mstari kwa mstari huleta Kiswahili kilichovaa kofia.

Mwalimu mwenye madaftari 60 atauliza atasahihisha saa ngapi. Asisahihishe yote. Daftari lililojaa wino mwekundu humfundisha binti jambo moja tu, kwamba alifanya vibaya kuandika. Mwalimu asome kwanza kama msomaji, aandike pembeni swali moja la kweli: mbuzi yule alipatikana? Mama alisemaje? Kisha achague kosa moja la juma hilo, mathalan "he" na "she", alitie alama kila lilipo, na mengine yangoje zamu yake. Siku ya Ijumaa mabinti wawili au watatu na wasome hadithi zao kwa sauti, na wenzao waulize maswali kwa Kiingereza chochote walicho nacho.

Sasa neno kwa wazazi. Binti ajapo likizo, msimpokee kwa ndoo na sufuria asubuhi hadi usiku. Mpeni saa moja ya jioni, na taa. Hamjui Kiingereza? Si neno. Mwambieni alete daftari, asome hadithi yake, kisha awafasirie kwa Kiswahili, au kwa Kikwere kama bibi yupo. Watoto wa kiume na waketi pia, wasitumwe kwenda kucheza. Na kama hadithi ni ya sungura aliyoisikia kwa bibi, na bibi akisema kwamba sungura hakupita mlangoni bali dirishani, binti na achukue kalamu alifute lile la mlango, aandike la dirisha.