Kuishi Nyumbani Ukisoma Chuo Kikuu: Nauli Nayo Ihesabiwe

Mabweni ya Dkt. John Pombe Magufuli, yaliyozinduliwa Aprili 15, 2017 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yana nafasi 3,840. Wanafunzi wengine wengi huishi kwao na kusafiri kila siku, na wazazi hudhani kwamba hapo gharama imekwisha.

Sivyo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hauna fungu la nauli ya kila siku. Anayetoka Chanika na kubadili daladala njiani huimega nauli hiyo katika fedha za chakula na malazi, nazo ni deni: akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi.

Kabla ya kukataa bweni, familia ipige hesabu ya nauli ya muhula mzima, pamoja na saa zinazopotea kwenye foleni.