Kila mzigo na anwani yake: posta iliyomo ndani ya bakteria

Ndugu msomaji, ukitaka kumpelekea mama yako kijijini sukari na doti ya khanga, unakwenda stendi. Unafunga mzigo kwenye boksi, unachukua kalamu ya wino mzito, unaandika jina lake, mahali pa kushushia na namba ya simu. Ukisahau kuandika, mzigo utasafiri vizuri tu, utapita kituo kimoja baada ya kingine, na mwisho wake utalala stoo mpaka panya waukute. Mzigo usio na anwani ni mzigo uliopotea.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya posta nyingine, ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuiona. Ni posta iliyomo ndani ya bakteria. Nawasikia wengine wakiuliza: ya bakteria yatuhusu nini sisi, na bei ya unga imepanda? Yatuhusu sana. Sumu ya kipindupindu hupitia posta hiyo. Na kisu ambacho bakteria hukitumia kuikatakata ampisilini uliyonunua duka la dawa, nacho hupitia hapo hapo.

Tumchukue bakteria mmoja aitwaye E. coli, mkazi wa utumbo wetu. Wengi wa jamii yake hawana madhara, ingawa wamo wakorofi. Ukiwapanga 500 kichwa kwa mkia, wanatimia milimita moja. Ifikirie seli yake kama nyumba yenye kuta mbili za mafuta. Ukuta wa kwanza ni utando wa ndani, wa pili ni utando wa nje, na katikati yake pana ua mwembamba. Ndani ya nyumba zimo ribosomu, ambavyo ni viwanda vya kutengenezea protini. Ribosomu huunganisha vipande viitwavyo asidi amino, kimoja baada ya kingine kama shanga kwenye uzi, kwa kasi inayoweza kufikia vipande 20 kwa sekunde.

Bakteria huyu ana maagizo ya kutengeneza protini zaidi ya aina 4,000. Nyingi hubaki ndani zikifanya kazi za nyumbani. Lakini kati ya robo na theluthi yake hazina kazi humo. Baadhi zinatakiwa zikakae ndani ya utando wenyewe, ziwe pampu za kuingizia chakula na kutolea taka. Nyingine zinatakiwa ziuvuke utando zikafanye kazi uani, au nje kabisa. Na utando ule ni mafuta, wala protini haiwezi kujipenyeza tu kama mtu anayepita kwenye pazia. Basi nani anaiambia protini iende wapi, na nani anaifungulia mlango?

Aliyetufumbua macho katika jambo hili ni Günter Blobel, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Rockefeller, mjini New York. Mwaka 1971, yeye na mwenzake David Sabatini walitoa wazo kwamba protini inayotakiwa kusafiri huzaliwa na anwani yake mwilini. Wazo hilo lilikuja kuthibitishwa kwa majaribio katika miaka iliyofuata, na mwaka 1999 Blobel akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Sehemu kubwa ya fedha za tuzo hiyo aliitoa kusaidia kujenga upya majengo ya ibada ya mji wa Dresden, yaliyoangamia enzi za Hitler na vita vyake. Alifariki dunia mwaka 2018.

Blobel alichunguza zaidi seli za wanyama. Upande wa bakteria, watafiti kama Jon Beckwith wa Chuo Kikuu cha Harvard walitumia njia nyingine. Walitafuta bakteria wenye hitilafu, wale ambao mizigo yao ilikwama ndani, kisha wakachunguza ni kifaa gani kilichoharibika. Ni kama fundi anayejifunza gari kwa kuangalia yaliyolala barabarani.

Anwani yenyewe ikoje? Ni kipande kifupi mwanzoni mwa protini, kwa kawaida chenye asidi amino kati ya 15 na 30. Mwanzo wake una chaji chanya ya umeme. Katikati pana sehemu inayochukia maji na kupenda mafuta. Mwishoni pana alama ya kukatia. Cha ajabu ni kwamba anwani hii inasomeka hata ugenini. Mwaka 1980 watafiti walionyesha kwamba bakteria aliyepewa maagizo ya kutengeneza insulini ya panya aliisoma anwani ya panya, akaipeleka protini uani, na akaikata anwani mahali panapostahili. Panya na bakteria wametengana kwa mabilioni ya miaka, lakini lugha yao ya posta ni moja.

Sasa tuangalie namna mzigo unavyosafirishwa. Ziko njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni ya tarishi. Inatumika hasa kwa protini zinazokwenda kukaa ndani ya utando. Hizi zinapenda mafuta mno, na zikiachwa kwenye maji ya ndani ya seli hugandamana na kuwa bonge lisilofaa kitu. Kwa hiyo bakteria hangoji zikamilike. Mara tu mwanzo wa protini unapochungulia nje ya ribosomu, tarishi anaukamata. Katika E. coli tarishi huyu ni mdogo: ni protini moja iitwayo Ffh pamoja na uzi wa RNA wenye herufi 114. Kwetu sisi binadamu tarishi wa namna hiyo ana protini sita na uzi mrefu zaidi, lakini undugu wao unaonekana wazi. Tarishi anaibeba ribosomu nzima, huku kazi ikiendelea, mpaka kwenye utando. Pale anapokelewa na mwenyeji wake, protini iitwayo FtsY. Wanashikana mkono, wanaukabidhi mzigo mlangoni, wanatumia nishati kidogo kuachana, na tarishi anarudi kutafuta mzigo mwingine. Mnyime E. coli tarishi huyu, hawezi kuishi.

Njia ya pili ni ya mpagazi. Hii hutumika kwa protini nyingi zinazovuka kwenda uani au nje. Hizi hukamilika kwanza, au hukaribia kukamilika. Mpagazi aitwaye SecB huzishika zisijikunje, maana kamba iliyokwisha kufungwa fundo haipiti kwenye tundu la sindano. Anazifikisha kwa SecA, ambayo ndiyo injini. SecA huchoma fueli ya seli, na kuusukuma uzi wa protini mlangoni kidogo kidogo.

Njia zote mbili huishia kwenye mlango mmoja, uitwao SecYEG. Mwaka 2004 wanasayansi walichapisha picha ya mlango wa ukoo huu, uliotolewa kwa kijidudu cha jamaa nyingine kinachoishi kwenye chemchemi za moto chini ya bahari. Waliona tundu lililobanwa katikati kama kiuno cha nyigu, na kizibo kidogo kikiwa kimelala mahali pake. Kizibo kile si pambo. Mlango ukibaki wazi, chembe za chumvi zingevuja, na umeme ambao seli huutegemea kwa nishati ungepotea. Mlango huu una sifa nyingine: unafunguka kwa mbele na pia kwa ubavuni. Protini ya kuvuka hupita mbele, na protini ya kukaa ndani ya utando huponyokea ubavuni ikaingia kwenye mafuta. Kwa protini zinazovuka, kimeng'enya kilichopo utandoni huikata anwani kama mtu anayechana bahasha. Barua imefika, bahasha ya nini tena?

Sasa turudi kwenye mambo yetu. Mwaka 1997 Tanzania ilikumbwa na kipindupindu kikali. Watu zaidi ya 40,000 waliugua, na zaidi ya 2,000 walipoteza maisha. Bakteria wa kipindupindu hutengeneza sumu yenye vipande vya aina mbili, na kila kimoja huzaliwa na anwani. Vipande hivyo hupita kwenye mlango huu, huunganishwa uani, kisha mtambo mwingine huvitoa nje. Sumu ikiziingia seli za utumbo, huziamuru zimwage chumvi, na maji huifuata chumvi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja. Mlango usingefunguka, sumu ile ingebaki ndani ya bakteria.

La pili ni dawa. Penisilini na ndugu yake ampisilini huua bakteria kwa kuwazuia mafundi wanaojenga ukuta mgumu wa seli. Mafundi hao wamejishikiza kwenye utando wa ndani, mikono yao ikifanya kazi uani. Bakteria waliokwisha kuwa sugu hutengeneza kimeng'enya kiitwacho beta-laktamasi, hukipa anwani, na kukipitisha mlangoni kikavizie uani pale pale. Dawa inapoingia tu, inakatwa kabla ya kuwafikia mafundi. Mgonjwa anameza vidonge, anangoja nafuu, na nafuu haiji. Kumbe posta imefanya kazi yake.

Je, hatuwezi kuufunga mlango huo? Wazo hilo wanasayansi wanalo, na liko sumu inayoonyesha kwamba linawezekana. Azidi ya sodiamu huisimamisha injini ya SecA. Tatizo ni kwamba azidi hukatiza pia upumuaji wa seli zetu, hivyo inamuua mgonjwa pamoja na ugonjwa. Kinachotafutwa ni kemikali itakayoizima SecA bila kutugusa sisi, na matumaini yapo, kwa sababu seli za mwili wa binadamu hazina injini hiyo. Hata hivyo, mpaka leo hakuna dawa ya hospitali inayotibu kwa kuufunga mlango huu.

Maana yake, ndugu zangu, ni kwamba akiba tuliyo nayo ni dawa hizi hizi. Kila mara mtu anapomeza antibiotiki kwa mafua, ambayo huletwa na virusi, au anaponunua vidonge vinne kwa sababu fedha haikutosha dozi, anawaua bakteria wanyonge na kuwaachia nafasi wale wenye kisu uani. Hao hugawanyika, na mazingira yakiwa mazuri E. coli mmoja huwa wawili kwa dakika 20. Hesabu iliyobaki fanya mwenyewe.

Kwa hiyo pima kwanza, ndipo umeze. Fuata dozi kama ulivyoandikiwa. Nawa mikono, chemsha maji, na mtu akianza kuharisha maji maji mpe mchanganyiko wa chumvi na sukari wa paketi huku mkimkimbiza hospitali. Bakteria hapotezi mzigo hata mmoja kwa uzembe. Tusimsaidie kwa uzembe wetu.

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.